Mashua ya Kutazamana na Mkwe

Mashua ile haikuvuja. Ninalisema hilo kwanza kwa sababu kila nikianza kuisimulia, mtu hunikatiza na kuuliza, "Ilikuwa inavuja?" Haikuvuja hata tone. Mbao zake zilishikana vizuri, lami nilipaka kwa mkono wangu mwenyewe, na ilipita majini bila kuyumba. Ilikuwa nzuri kuliko mashua zote nilizokuwa nimewahi kutengeneza, na mpaka leo nikiikumbuka nasikia hasira.

Nilikuwa seremala. Ufundi niliupata upande wa Katanga, nikiwa kijana, kwenye karakana ya milango na majeneza. Nilivuka ziwa kuja Nchelenge mwanzoni mwa miaka ya hamsini kwa sababu nilisikia miti minene ya kuchongea mitumbwi inakwisha, na wavuvi wanataka vyombo vya mbao za kupigilia misumari. Ilikuwa kweli. Kazi ilikuwepo, na mwanamke wa kuoa nilimpata pia. Kwa desturi ya huko nilihamia kwao, nikajenga nyumba ndogo karibu na nyumba ya mama yake, nikawa mkwe.

Lazima nieleze ukwe ule ulikuwaje, maana ndio kiini cha jambo lote. Mkwe mgeni hamtazami mama wa mke wake usoni. Hasemi naye. Nikikutana naye njiani nilikuwa naingia kwenye majani, nachuchumaa, nampa mgongo mpaka apite. Yeye naye alijifunika kitambaa kichwani na kutazama pembeni. Akitaka kuni zipasuliwe alimwambia mke wangu, na mke wangu akaniambia mimi, hata kama wote watatu tulikuwa uani na kila mtu anasikia. Hali hiyo ingeendelea mpaka siku wangenipikia kile chakula kikubwa cha kumwingiza mkwe nyumbani, na siku hiyo ilikuwa bado. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mimi niliipenda, kwa sababu nilijua kila wakati niweke wapi macho yangu.

Basi akaja Mzungu mmoja wa serikali, wa mambo ya samaki, na karatasi yake ya mchoro.

Alikuwa mtu mpole, mwenye soksi ndefu. Alitaka mashua moja ya mfano, ambayo wavuvi wote wa pwani ya ziwa wangeiona na kuiga. Akaikunjua karatasi juu ya meza yangu ya randa, akaweka nyundo kwenye pembe moja ili isijikunje, na mimi nikapandwa na wazimu. Sijui niseme vipi vingine. Sikuwahi kuona kitu kilichofikiriwa hivyo kabla ya kukatwa. Kila ubao ulikuwa na kipimo chake. Kila msumari ulikuwa na mahali pake. Mimi nilizoea kukata kwanza na kufikiri baadaye, nikisahihisha makosa kwa patasi.

Mashua ile haikuwa ya kafi. Ilikuwa ya makasia mawili marefu yanayoshikwa na vyuma pembeni, na mvutaji anakaa katikati akitazama nyuma. Mzungu alieleza, na karani wake akatafsiri, kwamba mwenye kafi anatumia mikono tu, lakini mwenye makasia anatumia mgongo na miguu. Hilo ni kweli. Nilijaribu baadaye nikaona ni kweli. Ndiyo sababu linaniudhi zaidi: karatasi ile haikuwa na uongo wowote.

Nyuma kabisa kulikuwa na ubao wa abiria, wenye egemeo zuri la mgongo, na mbele kabisa kulikuwa na sanduku la nyavu lenye kifuniko. Kwenye karatasi walikuwa wamechorwa watu wawili wadogo. Mmoja anavuta makasia, mwingine amekaa nyuma amevaa kofia, wanatazamana magoti kwa magoti kama marafiki. Sikujiuliza hata mara moja wale wawili ni nani kwa nani.

Wavuvi walikuja kuitazama ilipokuwa inakauka lami. Mmoja, rafiki yangu aliyekuwa akiwauzia samaki watu wa Katanga na kupenda kuongea nami Kiswahili, aliizunguka mara mbili.

"Fundi, hii bwato iko inakwenda nyuma."

"Iko inakwenda mbele," nikamjibu. "Ni weye tu unaangalia nyuma."

"Na nyavu yangu nitaiona na nini? Na kisogo?"

"Utazoea."

"Bon. Kwanza kisogo kiote macho, kisha nitazoea."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona ni wavivu, watu waliozaliwa na kafi mkononi wasiotaka kuongeza hata jambo moja vichwani mwao. Nilimwambia mke wangu hivyo wakati wa kula, akaniuliza kwa upole kama nimemsikiliza yule rafiki au nimemjibu tu. Nikaona naye ameungana nao. Hiyo ndiyo tabia ya fundi, na nimeiona kwa wengi tangu siku zile: chombo kikimshinda mtu, fundi hutafuta kasoro kwa mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini aliyekipigilia misumari hujiona anawajua kunguni wote kwa majina.

Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Habari ikaja kwamba nyanya yake, mzaa baba, anaumwa kisiwani Kilwa, Kilwa ya humo ziwani, si ile ya baharini. Akataka kwenda kumwona. Akavuka na shangazi zake kwenye mtumbwi mpana, wakisema watarudi baada ya siku tatu. Mama yake alibaki Nchelenge kwa sababu alikuwa na samaki wengi motoni, na baba mkwe alikuwa mbali, migodini. Mimi nilibaki kupiga rangi mashua ya Mzungu.

Siku ya tatu asubuhi, umande haujakauka, mashua ya mfanyabiashara mmoja iliyotoka Kilwa ilipita karibu na ufuko, ikielekea Chienge. Haikutia nanga. Mtu mmoja alisimama akaita kwa sauti kwamba mke wangu ameshikwa na uchungu tangu jogoo wa kwanza, mtoto amekaa vibaya, miguu iko chini, na wanamtaka mama yake.

Hapa kila mtu wa ufuko ule angeelewa maana yake. Mama mkwe wangu alikuwa na mikono ya kugeuza watoto. Wanawake waliletwa kwake kutoka mbali. Alikuwa akipaka mafuta tumboni, anasukuma polepole, anaimba kwa chini, na mtoto anageuka. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: afike kabla mtoto hajatoka.

Mitumbwi yote mizuri ilikuwa imekwenda kwenye nyavu. Iliyobaki mchangani ilikuwa miwili, imepasuka. Na ile yangu, inang'aa rangi ya buluu.

Mama mkwe alikuja mbio, kitambaa kichwani, chupa ya mafuta mkononi, na kuku mmoja kwapani wa kumpikia mzazi supu. Tukatafuta mtu wa tatu wa kuingia kati yetu, wa kupokezana maneno. Wanawake waliokuwepo walikuwa na moto na samaki, na kila mmoja alimtazama mwenzake, na mmoja alisema wazi kwamba yeye hapandi chombo kinachokwenda kinyumenyume. Hatukuwa na muda wa kubembeleza. Nikaisukuma majini.

Akasimama, maji yakiwa magotini mwake, akautazama ule ubao wa abiria wenye egemeo. Akaona mahali pangu pa kukaa. Akapima kwa macho nafasi iliyopo kati yetu, nafasi ya dhiraa moja, na mimi nikiwa nimeelekea kwake mwendo wote, miguu imetanuka, nikiinama mpaka karibu na mapaja yake na kurudi, nikiinama na kurudi. Hapo ndipo na mimi nikauona kwa mara ya kwanza ubao ule nilioupiga randa kwa siku mbili. Nilitamani maji yanimeze.

Alikwenda kukaa mbele, juu ya sanduku la nyavu, nyuma ya mgongo wangu. Ilikuwa akili nzuri. Lakini alikuwa mama mwenye mwili, na Mzungu hakutaka mtu akae pale. Mashua ikainamisha pua, na baada ya kuvuta mara ishirini tu maji yakaanza kuruka ndani. Tukarudi palipo na kina kifupi. Akashuka, akaja nyuma, akaketi kwenye ubao wa abiria, akalielekezea kifua lile egemeo na kunipa mimi mgongo.

Tukaondoka hivyo. Naomba uitazame picha hii vizuri, maana mimi nimeitazama miaka mingi. Watu wazima wawili wanakwenda Kilwa kwa haraka ya uhai na kifo, na wote wawili wamekipa Kilwa mgongo. Tulikuwa tunaitazama Nchelenge. Tuliona nyumba zetu, moshi wa samaki wake, watu waliosimama ufukoni wakitutazama. Hakuna hata mmoja aliyeona tunakokwenda.

Kwenye mtumbwi mambo haya hayapo. Mama mkwe anakaa mbele, mkwe anasimama nyuma na kafi, wote wanatazama upande mmoja, mkwe anaona kitambaa tu na maji. Hakuna aliyekaa chini akapanga iwe hivyo. Kukaa kule kulikuwa kumepangwa na watu wengi mno, muda mrefu mno, hata hakuna aliyeona kwamba ni mpango. Sisi mafundi tuliuita ushamba.

Nilivuta. Jua lilikuwa machoni mwangu. Kila baada ya muda niligeuza shingo kutafuta kisiwa, na kila nilipogeuza kasia moja lilizama kuliko jingine na mashua ikapinda. Kisha upepo wa kusini-mashariki ukaamka, kama kawaida yake majira yale, ukaanza kutusukuma kaskazini. Nilijua unatusukuma. Sikujua kiasi gani.

Mama mkwe naye alijua. Akajifunika kitambaa mpaka puani, akageuka kidogo, akachungulia mbele kupitia ubavuni mwangu, kisha akamwambia kuku kwa Kibemba kwamba mtu mwenye akili angevuta zaidi upande wa mkono wa kulia. Alimwambia kuku. Hakukuwa na mwingine wa kuambiwa. Nikavuta upande wa kulia. Akamwambia kuku, kwa sauti ya juu zaidi, kwamba alisema kulia. Nikavuta kulia kwa nguvu zote. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mkono wake wa kulia, akitazama mbele, ni mkono wangu wa kushoto. Watu wanaotazama upande mmoja wana mkono wa kulia mmoja. Sisi tulikuwa na miwili, na kati yake kuku. Nilipoelewa nikaanza kubadili, lakini naye kumbe alikuwa ameelewa wakati uleule na kubadili maneno yake, tukakosana tena.

Sikuwa na namna ya kumwuliza. Nilikuwa na mdomo, naye alikuwa na masikio dhiraa moja kutoka kwangu, na mke wangu alikuwa analia kisiwani. Mimi nimekaa nageuza shingo. Jasho liliniingia machoni. Nilitaka kulia kwa ghadhabu, na sikujua nimkasirikie nani, Mzungu, kuku, upepo au desturi.

Jua lilikuwa limesimama utosini nilipomsikia anavuta pumzi. Alikiondoa kitambaa chote. Akageuka mwili mzima kwenye ubao, akanitazama usoni. Nilifumba macho.

"Fumbua macho!" akasema. Na alisema kwa Kiswahili.

Nimefikiri sana kwa nini Kiswahili. Kwa Kibemba yeye alikuwa mama wa mke wangu, na maneno yale yasingeweza kutoka mdomoni mwake. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya sokoni, lugha ya kugombana na wanunuzi kutoka Katanga, ambao aliwatazama usoni kila siku na kuwaita wezi.

"Sikia, weye mutu. Leo mi hapana mama ya bibi yako. Mi ni mama ya samaki, weye ni mununuzi. Tunasikilizana? Kisiwa iko inapita! Iko kule, ule upande, unakiacha nyuma! Tuko tunakwenda mu maji makubwa! Juu ya nini unakwenda na mugongo sawa na kaa?"

"Mama, ni mashua iko vile."

"Alors, basi, acha kuwa sawa na mashua! Simama! Toa hii miti yako mu hivi vyuma!"

Nikageuka. Ncha ya kaskazini ya kisiwa ilikuwa imeshatupita. Mbele yetu hapakuwa na kitu ila ziwa.

Nilichomoa makasia kwenye vyuma. Nikaling'oa egemeo la abiria kwa teke, lile egemeo zuri, ili nipate pa kusimama nyuma. Yeye alipita katikati, akaenda mbele, akakibomoa kifuniko cha sanduku la nyavu kwa mikono yake, akapiga magoti kwenye ubao wa mvutaji, akaanza kupiga maji na kile kifuniko kama kafi. Alikuwa amezaliwa kisiwani. Mabega yake yalijua kazi ile kabla mimi sijazaliwa. Kasia langu lilikuwa refu mno na zito, lakini nilikuwa nimesimama na ninaona. Tulipambana na upepo uleule uliokuwa umetuleta. Alinitukana mwendo wote kwa Kiswahili, kushoto, kulia, mujinga, kushoto, na kila tusi lilikuwa na maana, na kila mara nilijibu, "Ndiyo, mama." Mashua ilikwenda sawasawa.

Tulifika jua limeinama. Wanawake walikuwa wamesimama mchangani, na hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mkwe alikuwa ameruka majini kabla mashua haijagusa. Aliyaona macho yao akaacha kukimbia.

Mtoto alikuwa msichana. Miguu ilitoka, kichwa kikachelewa. Mke wangu alikuwa hai. Nilisimama nje ya ukuta wa matete nikamsikia mama yake ndani akiuliza, lini? Wakamwambia, jua lilipokuwa utosini. Kisha nikamsikia anaimba kwa chini ule wimbo wake wa kugeuza watoto, na mke wangu akalia kwa sauti ambayo sikuijua.

Alipotoka alikuwa amejifunika tena. Nilichuchumaa kwenye majani nikampa mgongo. Akapita.

Mzungu alikuja mwezi uliofuata na daftari. Akaona egemeo halipo na sanduku halina kifuniko, akasikitika kwa ajili ya mbao. Akauliza, inavuja? Haivuji. Nzito? Si nzito. Makasia yanakwama? Hayakwami. Nikamwambia karani, "Umwambie haiwezi kubeba mutu na mukwe wake."

Karani akacheka kidogo. "Hiyo hapana kitu ya kuandika, fundi."

"Umwambie."

Akasema kitu kifupi, na Mzungu akaandika kitu kifupi, akatikisa kichwa kwa wema, akasema watu watazoea. Neno langu mwenyewe, limerudi kwangu kwa mdomo wa mwingine. Ningependa kummwagia yeye hasira yote. Nimejaribu. Lakini yule mtu hakuwa na mkwe Nchelenge. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuingia kwenye majani. Mimi nilikuwa naingia kwenye majani kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, na bado nilichukua nyundo nikaupigilia ubao ule, magoti kwa magoti, na kusimama mbali kidogo niutazame ulivyonyooka. Mchoro ulikuwa safi hata ukanifanya mgeni nyumbani mwangu. Kuuliza si ujinga, husema watu. Mimi sikuuliza hata nilichokuwa nakijua.

Kiangazi kilichofuata mke wangu alikuwa na mimba tena. Hatukulisema kwa sauti. Nilianza mashua nyingine, na safari hii sikukata hata ubao mmoja. Nilichukua kijiti nikaichora mchangani kwa ukubwa wake wote, karibu na maji, nikawaomba watu waingie wakae kama wanavyokaa. Walidhani huzuni imenipanda kichwani. Lakini waliingia. Yule rafiki yangu mvuvi alisimama nyuma, akatupa wavu usiokuwepo, akanionyesha kiwiko chake kinagonga wapi. Wanawake walikaa na vikapu. Nilifuta mistari, nikachora tena, nikafuta.

Siku ya nne alikuja mama mkwe, kitambaa mpaka puani. Watu wakampisha. Alivuka mstari kwa uangalifu kama anayepanda chombo, akaketi karibu na pua, akinipa mgongo, akitazama Kilwa. Akangoja. Nikachukua kafi nikasimama mahali pangu nyuma, nikaanza kupiga hewa, polepole, nikimtazama kitambaa.

Baada ya muda alijisogeza mbele, kiasi cha kiganja kimoja, akatulia.

Nikapiga magoti, nikauchora mstari pale alipokaa.